Maji Yaliyopotea Kati ya Kitura na Ziwa

Tangu nirudi Morogoro, kila ninayekutana naye ana swali moja: ukuta ulivunjwa au haukuvunjwa? Mnajua kipande tu, kile nilichokitupa kwenye kundi letu la simu nikiwa Tingi: "Kesho wanakwenda kuuvunja, nipo njiani." Kisha simu ikazima nikawaacha mnaning'inia. Naelewa mlivyokasirika. Naandika yote sasa kwa mfuatano, maana nimeshalisimulia jambo hili vipande vipande mpaka naanza kujikuta naongeza chumvi.

Habari za vibali na barua naziruka. Jueni hili tu: kuna shirika lilijenga ukuta wa mawe kuzuia mto mdogo huko milimani Kitura, wilaya ya Mbinga, ili maji yatuame na wakulima wa bondeni wapate ya kumwagilia. Nilitumwa nikaangalie kama ukuta huo, pamoja na ngoro, yale mashimo ya kuhifadhi maji ambayo Wamatengo wanayachimba miaka nenda rudi, vimesaidia kilimo au la. Mnanijua. Nimesoma ripoti nyingi za namna hiyo na zote zinasema vimesaidia. Nilikwenda nikiwa nimeazimia kutomwamini mtu yeyote, hasa yule anayejibu kabla hajaulizwa.

Jina la mto sitalitaja. Ugomvi bado mbichi.

Songea hadi Kitai

Basi lilitoka Songea Jumatano asubuhi likiwa limejaa, na katikati ya njia ya abiria palikuwa na kitu kirefu kimefungwa gunia. Kondakta alikikanyaga mara ya tatu akachoka.

"Kaka, hilo bomba lako litaniua."

"Siyo bomba, ni mtalimbo. Ruka," alijibu jirani yangu wa kiti, bila kugeuka.

Alikuwa mwanaume wa makamo, mikono mipana, kofia ya kijani imefifia. Sikumsemesha. Lakini kabla ya kufika Kitai tulikuta lori la makaa ya mawe limelala upande mlimani, limefunga barabara yote, na magari yamepanga foleni mpaka kwenye kona. Tukashuka. Jua lilikuwa kali isivyo kawaida kwa mwezi ule. Mvua zilikuwa zimekatika ghafla katikati ya msimu, na mahindi ya kando ya barabara yalikuwa yameanza kujikunja majani.

Yule bwana alichukua kivuli cha basi, akafungua mfuko wa dagaa wa kukaanga, akanisogezea.

"Kula, dada. Hawa wa Nyasa. Hawana mchanga kama wa huko kwenu."

Nikala. Ni kweli, hawakuwa na mchanga. Akaniambia anaitwa Alois, analima mpunga ufukweni, upande wa Mbamba Bay. Nikamuuliza kwa nini mtu wa ziwani asafiri mpaka Songea kununua chuma.

"Kule kwetu mitalimbo ipo. Ila ukinunua kule, kila mtu anajua unakwenda kufanya nini."

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kubomoa ukuta."

Alilisema kama mtu anayekwenda sokoni. Kisha akaeleza. Mpunga wao ulikuwa na mimba, yaani umefika pale masuke yanapojitunga ndani ya bua, na huo ndio wakati usiostahimili kiu. Mvua imekatika, mto nao umekufa. Huko juu Kitura watu wana ukuta.

"Wao wananywesha miche ya kahawa, sisi mpunga unakauka na mimba yake tumboni. Jumamosi tunapanda huko mlimani. Tuko wengi."

"Ukuta wenyewe umeuona?"

"Ya nini kuuona? Maji hayaji."

"Na kama yanapotelea mahali pengine njiani?"

"Dada, kwenu maji yakikatika bombani, unaanza kuchungulia bomba lote?"

"Ndiyo."

"Basi mna nafasi."

Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema Mbinga, kuangalia mashamba. "Ya kununua?" Nikasema ya kuangalia tu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanimiminia dagaa wengine mkononi. Sikumwambia kwamba moja ya vitu ninavyokwenda kuangalia ni huo ukuta wake. Mtalimbo ulikuwa umelala kati yetu na sikuona haja.

Kitai hadi Mbinga

Lori liliondolewa alasiri. Kitai basi lilisimama tena, safari hii kwa sababu dereva alitaka kula, na hakuna abiria anayebishana na dereva mwenye njaa. Nilinunua chai na mihogo ya kuchemsha, nikaenda nyuma ya vibanda kumpigia Mama Gaudensia, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wanaotumia ukuta. Yeye ndiye aliyekuwa anipokee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Kitai. Mama, kuna watu wa ziwani wanakuja Jumamosi kuvunja ukuta."

 

"Umejuaje?"

"Nimekaa na mmoja wao kwenye basi."

"Yaani wewe unayekuja kutukagua, unakuja nao basi moja, na siku unaijua." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Haya. Njoo."

Akakata. Nilipompigia tena hakupokea. Mbinga nilishuka, Alois akaendelea na safari, akinipungia kofia dirishani kama ndugu.

Mbinga hadi Kitura

Alhamisi asubuhi nilipata pikipiki. Dereva wake, Shabani, ni mtoto wa mjini Mbinga. Babu yake alikuja kutoka Kilwa akafungua duka, na Shabani bado anawaita wenyeji "nyinyi watu wa milima" ingawa anakijua Kimatengo kuliko mapadri. Tulipoacha lami nikaanza kuziona ngoro. Mlima mzima umetobolewa kama sega la nyuki, kuanzia kileleni mpaka chini, shimo kwa shimo, na kati ya mashimo kuna kingo za udongo zilizopandwa mahindi. Nilimwambia Shabani asimame.

"Umeona nini?"

"Mahindi haya hayajajikunja."

"Ya ngoro hayo. Yanakunywa yaliyobaki shimoni."

Nikashuka nikatia mkono ndani ya shimo moja. Udongo wa chini ulikuwa na ubaridi. Shamba la jirani, lisilo na mashimo, lilikuwa kavu mpaka ndani. Nilikuwa tayari kubishana na ngoro, lakini pale sikupata pa kushikia.

Kazi yake iko hivi, nilivyoelezwa baadaye. Majani yakishakuwa marefu, mwanaume anayafyeka kwa mundu na kuyalaza kwa mistari inayokatana, kama wavu ulioanikwa mlimani. Nyuma yake anakuja mwanamke na jembe. Anachimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya majani. Majani yanaoza na kuwa mbolea, katikati panabaki shimo, mvua ikinyesha kila shimo linabeba maji yake na udongo hauendi popote. Kulaza nyasi ni kwa baba na kufukia ni kwa mama. Nilimuuliza kila niliyekutana naye kwa nini isiwe kinyume chake, na kila mmoja alinijibu kama nimeuliza kwa nini miguu iko chini.

Kwenye mlango wa kijiji kulikuwa na wanaume wanne wamekaa juu ya gogo. Walisimama tulipofika.

"Wewe ndiye wa Jumamosi?" mmoja aliuliza.

"Mimi ndiye wa tathmini."

"Wenzako wako wapi?"

"Sina wenzangu. Nina Shabani."

"Na mimi nimekodiwa tu," Shabani akasema haraka, "wala simjui."

Mama Gaudensia alikuja akifuta mikono kwenye kitenge, mama mnene wa polepole mwenye macho yasiyopepesa. Alinipeleka moja kwa moja ukutani, wale wanaume wanne na Shabani nyuma yetu, bila kunikaribisha nyumbani, na huko milimani hilo ni tusi kamili. Ukuta ni wa mawe na saruji, unafika kifuani, umeziba bonde jembamba. Nyuma yake kuna bwawa, na pembeni ya bwawa, chini ya chanja ya nyasi, miche ya kahawa imepangwa kwenye viriba, vile vifuko vya udongo, mingi, mibichi, imetunzwa kama watoto wachanga. Kikundi kilikuwa kimeahidi kuigawa kijiji kizima mvua zikirudi. Juu ya ukuta, mahali palipoachwa mdomo, maji yalikuwa yanamwagika kwenda chini.

"Unaona? Yanapita. Andika kwamba hatuibi."

"Nitaandika nitakachokiona, mama."

"Basi uone vizuri."

Nikaona vizuri. Chini ya ukuta kulikuwa na bomba nene ambalo, kwa maelezo niliyopewa na wajenzi, linatakiwa kuwa wazi muda wote ili mto uendelee kuishi. Lilikuwa limezibwa kwa kipande cha mgomba.

Nikamwangalia. Hakutazama pembeni.

"Tunaziba asubuhi, tunafungua jioni. Kwa jua hili, tukiacha wazi bwawa linashuka, ndoo hazifiki. Miche itakufa."

"Kwa hiyo Alois hajakosea."

"Alois ni nani?"

"Mwenye mtalimbo."

Wale wanaume wanne walinung'unika kwa Kimatengo. Nikachukua gunzi la hindi, nikalitupa mtoni chini ya ukuta, nikatembea nalo sambamba huku nikitazama saa. Ndiyo njia rahisi ya kujua maji yanakwenda kwa kasi gani. Shabani alicheka mpaka akakaa. Lakini gunzi lilikwenda vizuri. Hata na bomba lililozibwa, maji yaliyomwagika juu ya ukuta yalikuwa mto. Mto mdogo, lakini haukuwa mto uliokufa. Basi unafia wapi?

Nikamwomba Mama Gaudensia bomba liachwe wazi siku nzima ya Ijumaa, na mimi niyafuate maji mpaka ziwani.

"Na miche?"

"Ni siku moja."

"Wewe hujabeba ndoo." Akamtazama mmoja wa wale wanaume, kisha akaenda mwenyewe, akauvuta ule mgomba. Maji yakaruka kwa kishindo. "Itakuwa wazi kuanzia sasa mpaka kesho jua linazama. Usipoyaona huko chini, usije ukaniambia ni mimi."

Ndipo akanikaribisha ndani. Ugali wa moto, maharage yaliyopikwa kwa karanga.

Kitura hadi Tingi

Ijumaa tulishuka na mto. Barabara haiufuati, kwa hiyo tulikuwa tunaacha pikipiki, tunashuka kwenye genge, natupa gunzi, tunapanda tena. Shabani alishaacha kucheka. Sasa alikuwa ananiokotea magunzi. Kila daraja, kila kivuko, maji yalikuwepo. Vijito vingine vilijiunga, vidogo lakini vya kweli. Kwenye kivuko kimoja tulikuta akina mama wanafua, nikawauliza kama mto umepungua.

"Jana ulipungua. Leo umeongezeka," mmoja alisema. "Kwani nani kafanya nini?"

Hilo lilinitia moyo na kunitisha kwa pamoja. Maana kama bomba la Mama Gaudensia linaonekana mpaka hapo, na kama litaonekana mpaka ziwani, basi Alois yuko sawa kabisa na mimi nitakuwa nimempelekea ushahidi mkononi.

Tulipoingia Tingi, wilaya ya Nyasa, mto ulibadilika. Haukukauka. Ulitanuka. Bonde lilikuwa limejaa mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yalikuwa yametandazika juu yake membamba, kama uji uliomwagika mezani. Nikatupa gunzi. Lilisogea kidogo, likakwama. Mbele kidogo palikuwa pameloa tu. Mbele zaidi palikuwa pakavu.

Nikainua macho. Mlima wa juu yake haukuwa na ngoro hata moja. Mihogo na mahindi vimepandwa bila mashimo kwenye mteremko, na katikati yake mifereji mirefu iliyochimbwa na mvua, mingine ingemmeza ng'ombe. Mvua za kabla ya ukame ziliteremsha udongo wote mtoni. Kando ya shamba, nyasi ndefu zilikuwa zimesimama, hazijaguswa.

Mwanamke mmoja alikuwa anapalilia. Tukapanda kumsalimia. Alikuwa amenizidi umri kidogo, akajitambulisha kuwa Oresta, akatukalisha chini ya kibanda cha shambani na kutupatia togwa. Nikamuuliza kwa nini hapa hakuna ngoro.

"Hakuna wa kulaza nyasi."

"Mume?"

"Yuko ziwani. Alikwenda kuuza maharage, akauona mpunga, akasema atarudi wakati wa nyasi."

"Wakati wa nyasi umepita?"

"Umepita, umerudi, umepita tena." Alicheka bila furaha. "Majirani wote hapa hivyo hivyo. Wanaume wameshuka. Mpunga hauna mlima."

Nikamwambia nilichokuwa nimekifikiria tangu Kitura: mundu ni mundu, haujui nani kaushika. Kwa nini asilaze mwenyewe?

Shabani alinikanyaga mguu. Oresta hakukasirika. Alinitazama kama ninavyowatazama wale wanaojibu kabla hawajaulizwa.

"Unafikiri siwezi? Nimemwona baba yangu akilaza tangu nazaliwa. Hapa wanaolaza wenyewe ni wajane. Siku nikiinama na nyasi mkononi, kijiji kizima kitajua nimemzika Alois."

Shabani na mimi tulitazamana. Nikamuuliza mumewe amevaa kofia gani. Ya kijani, alisema, kama bado haijaoza.

Nikamweleza habari ya mtalimbo, ya ukuta, na ya Jumamosi. Alisikiliza huku anakung'uta udongo kwenye jembe.

"Kwa hiyo ameweza kufika Songea," alisema.

"Nikimwona, nimpe salamu gani?"

"Sina salamu."

Pale ndipo nilipowaandikia ule ujumbe.

Tingi hadi ziwani

Tulitaka kufika ziwani siku ileile. Kwenye mteremko gurudumu la nyuma likapasuka, na fundi wa karibu alikuwa ameenda msibani na ufunguo wa banda mfukoni. Tulisukuma pikipiki mpaka kwenye kituo cha kanisa, tukalala hapo kwa hisani yao. Jumamosi alfajiri fundi alirudi. Aliziba tairi polepole huku anatusimulia msiba wote, nani alikuja, nani hakuja, na mimi nimesimama nahesabu kichwani watu wenye mitalimbo wanaopanda mlima kwa njia nyingine. Nilimpigia Mama Gaudensia kwa simu ya fundi. Haikupatikana.

Tuliposhuka, joto lilitupiga usoni. Ziwa lilikuwa pale, pana na bluu, halina habari na ugomvi wowote wa maji. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamepasuka ardhi. Na kwenye banio, pale mto unapotakiwa kuingizwa mferejini, wanaume walikuwa wamekusanyika na sururu, majembe na mitalimbo. Walikuwa hawajaondoka kwa sababu wapishi hawakumaliza ugali. Mpaka leo nauheshimu ugali ule.

Alois aliniona wa kwanza.

"Huyu dada namjua. Amekula dagaa wangu."

"Na nilikwambia nakuja kuangalia mashamba," nikasema. "Nimeyaangalia. Shikamooni wazee."

Mwenyekiti wao, mzee mfupi aliyeitwa Osmund, aliitikia na kuniuliza natokea wapi. Nikasema Kitura, ukutani. Vikelele vikaanza.

"Ametumwa na wenye kahawa."

"Mwacheni aseme, si amekuja mwenyewe," Osmund akasema. "Ukuta unaziba maji au hauzibi?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo njia nzima, na jibu la busara lilikuwa moja na la kweli lilikuwa jingine.

"Unaziba. Kuna bomba, wanalifunga asubuhi mpaka jioni."

Walilipuka. Mtu alipiga mtalimbo juu ya jiwe. Shabani, nyuma yangu, alisema kwa sauti ndogo, "Wewe ni mzima kweli?" Nikangoja, kisha nikapaza sauti.

"Lakini jana lilikuwa wazi kutwa, tangu juzi. Niliyafuata maji yale kivuko kwa kivuko. Yalifika Tingi. Hapa yako wapi?"

Wakaugeukia mto. Mchanga mtupu.

"Hayajafika tu," mmoja alisema.

"Huenda. Nami sijui kwa hakika. Naombeni mtu mwenye jembe."

Hakuna aliyesogea. Mwisho Osmund mwenyewe alichukua jembe la kijana aliyekuwa karibu, akashuka mtoni akaanza kuchimba mbele ya banio. Alipofika magotini mchanga ulibadilika rangi. Alipochota tena, shimo likaanza kujaa. Maji masafi, ya baridi. Alichovya vidole, akaonja, akanitazama kama mtu aliyedanganywa na mke wake.

"Mto uko chini," nikasema. "Banio lenu liko juu. Mchanga umewapandishia sakafu."

"Mchanga wa wapi huu? Zamani haukuwepo."

Hapo nikasita. Nilikuwa nimeshasema jambo gumu la kwanza. La pili lilikuwa na sura ya mtu aliyesimama hatua chache kutoka kwangu ameshika chuma.

"Sehemu kubwa umeshuka Tingi. Kwenye mashamba yasiyolazwa nyasi."

Sauti ikatoka nyuma: "Alois, si kwako huko?"

Mtu akacheka. Mwingine akamwambia aliyecheka, "Na wewe usicheke, shamba la mama yako limepakana na lake." Wakacheka zaidi, na kwa namna kicheko kilivyozunguka nikaelewa kwamba karibu nusu yao walikuwa na mlima huko juu na mtu aliyeachwa juu yake.

Alois hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu.

"Kwa hiyo mpunga wangu unakufa kwa sababu ya mke wangu?"

"Sijamtaja mke wako. Nyasi zinalazwa na nani?"

Shabani alikuwa ameshawasha pikipiki. Naapa kwamba sikuwa na ujasiri wowote. Miguu yangu ilikataa tu kurudi nyuma. Osmund akatoka mtoni akiwa amelowa suruali, akasimama kati yetu.

"Vyombo tunavyo, chakula kinaiva," alisema. "Leo tunachimba hapa, tuushushe mfereji mpaka kwenye maji. Na huko juu nitatuma watu wawili wakakae na huyo mama, bomba lisifungwe kutwa, lifungwe kwa zamu tutakayokubaliana. Lakini sikieni. Wenye mashamba Tingi waende wakalaze nyasi kabla maharage hayajapandwa. Mvua ikirudi, mchanga ukiteremka tena ukafunika kazi ya leo, sitamzuia mtu. Nitaubeba mtalimbo mwenyewe, na huo ukuta tutaushusha jiwe kwa jiwe."

Walichimba mpaka alasiri. Maji yalipoingia mferejini, yalikuja kidogo, yakijivuta na takataka mbele, na hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wanahesabu kwa macho yatafika shamba la nani. Tulikula ugali na mbasa, samaki wa ziwa lile, wa kuchoma, minofu mikubwa. Nilikaa na akina mama. Alois alikula peke yake kwenye ukingo.

Kupanda tena

Kwa hiyo jibu la swali lenu ni kwamba ukuta upo, lakini umekopeshwa muda. Nilipokuwa natengeneza ripoti yangu kichwani, hiyo ndiyo sentensi niliyoanza nayo, na najua wataifuta: kwamba ukuta peke yake haukusaidia wala haukuharibu kilimo, kwamba tuliupima pale ulipo na tukasahau mlima ulio katikati.

Jumapili baada ya misa Shabani aliwasha pikipiki. Alois alikuja na mundu umefungwa kitambaa.

"Mnapitia Tingi?"

"Hakuna njia nyingine," Shabani akasema. "Panda. Dada akae katikati, mimi siwezi kukumbatiwa na wewe."

Tulipanda mlima watatu, injini inalia. Kisha nyuma ya sikio langu:

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alinisalimu?"

Ningeweza kumtungia kitu. Ilikuwa rahisi, na huenda ingesaidia.

"Hapana. Nilimuuliza, akasema hana salamu."

"Na nyasi?"

"Ndefu. Zinafika kifuani."

Tingi alishuka chini ya shamba, pale mchanga unapoanza. Shabani alizima injini, na mimi, sitawaficha, sikumwambia aiwashe.

Oresta alikuwa juu kabisa mlimani, ameinama. Mikononi alikuwa na nyasi. Nyuma yake mistari ilikuwa imeshalala, mitatu au minne, imekatana sawasawa, na jirani zake wawili walikuwa wamesimama kwenye mpaka wa shamba wanaitazama mistari ile. Alois naye aliitazama. Alivua kofia. Alisimama hivyo mpaka nikadhani atageuka arudi ziwani, na nikawaza mvua, na mtalimbo, na miche ya Mama Gaudensia chini ya chanja yake.

Oresta alinyooka, akamwona. Hakutabasamu wala hakuja.

"Anzia huko chini," aliita. "Huku juu nimeshaanza."

Alois akafungua kitambaa kwenye mundu.